Neno Lililotolewa Sadaka

Asubuhi ya Jumanne, mwishoni mwa Septemba, Otilia Mateescu, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya Mierloaia, alishuka garini mbele ya kanisa, akavua viatu vyake vya ofisini, akavaa buti za mpira, akaanza kupanda kilima kwa miguu. Gari la halmashauri halikupita zaidi ya kanisa, kwani dereva alikuwa amekwisha kusema kwamba matope ya huko juu yanaharibu breki. Mkononi Otilia alichukua chombo cha supu ya maharagwe kilichofunikwa kwa kitambaa.

Alimkuta Bibi Chiva uani, akikoroga jamu ya plamu katika sufuria kubwa ya shaba kwa mwiko wenye mpini mrefu. Jamu ya namna hiyo haiachwi hata kidogo. Ikiachwa hushika chini, na sufuria nzima hunuka moshi. Kwa hiyo mgeni hakupewa mkono. Alionyeshwa kigoda.

"Karibu, mwanangu. Supu ni ile ile?"

"Ni ile ile, Bibi."

"Isiyo na chumvi?"

"Daktari ndiye aliyeagiza hivyo."

"Daktari mwenyewe haili," akasema Bibi Chiva, akaendelea kukoroga.

Jina lake kamili lilikuwa Paraschiva Buica. Alikuwa mjane aliyepita miaka themanini, na aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho kabisa juu ya kilima, pamoja na kuku zake na paka mmoja asiyependa watu. Otilia alimpenda, lakini siku hiyo hakuja kwa mapenzi. Alikuja na swali.

Halmashauri ilikuwa imepanga kwamba wazee wote waishio peke yao juu ya kilima wahamishiwe katika makao ya wazee mjini kabla ya theluji kuanguka, kwa kuwa kuisafisha barabara ya juu ni gharama, na Bwana Pantelimon, katibu wa halmashauri, hakupenda gharama. Hata hivyo, sheria ya nchi husema kwamba mzee ni raia sawa na raia yeyote, na kwamba haondolewi nyumbani kwake mpaka yeye mwenyewe aulizwe na kujibu kwa kinywa chake mbele ya kamati. Kamati ingeketi siku ya Mtakatifu Dumitru, mwezi uliofuata. Kazi ya Otilia ilikuwa kuwatayarisha wazee kwa swali hilo.

"Bibi," akasema, taratibu na kwa sauti ya kusikika, "unataka kwenda mjini, au unataka kubaki hapa?"

Bibi Chiva alifungua kinywa. Midomo yake ilicheza, ulimi wake ulionekana ukifanya kazi yake, na mishipa ya shingo ilimsimama. Sauti haikutoka. Kisha akafunga kinywa, akasema waziwazi: "Hebu sogeza ukuni ule, moto unaegemea upande mmoja."

Otilia aliusogeza ukuni, akarudia swali. Midomo ilicheza tena, na kilichosikika ni jamu tu ikitokota.

"Koo linakuuma, Bibi?"

"Koo langu zima kabisa. Hilo unaloniuliza ndilo halitoki. Si langu tena. Nililitoa sadaka."

Otilia aliitikia kwa kichwa. Alizaliwa ng'ambo ya mto, bonde la pili tu kutoka hapo, wala hakuhitaji kuelezwa jinsi kitu kinavyomtoka mtu.

Katika vilima hivyo, mtu mwenye akili zake hangoji afe ndipo warithi wenye haraka wamtolee sadaka. Hujitolea mwenyewe angali hai. Huwaalika majirani, huandaa meza, na kwa kila kitu anachokitoa huwasha mshumaa. Mpokeaji husema, "Mungu apokee," hunywa maji katika kikombe cha mwenyeji, na papo hapo kitu kimekwisha kutoka. Upande huu wa dunia kinatumiwa na aliyepewa; upande wa pili kinamngoja aliyekitoa. Ndiyo sababu watu hutoa vitu vipya: bakuli jipya, taulo jipya, kiti ambacho hakijapata kukaliwa. Mtu hatoi bakuli analokulia kila siku, maana jioni atakula katika nini?

Bibi Chiva alikuwa amefanya sadaka yake mwaka juzi, mwezi wa Agosti, sikukuu ya Mama Maria. Alitoa viti, blanketi, ndoo na taulo, na watu waliisifu ngano yake iliyochemshwa kwa sukari. Mwanawe wa pekee, Ilarie, alikuwa amekuja kutoka Italia, anakofanya kazi ya uashi. Saa ya kuondoka ilipofika, gari lake lilikuwa limejaa hadi dirishani, hata kiti kimoja kisingeingia. Bibi Chiva aliona aibu kumwacha mwanawe aondoke mikono mitupu. Akasimama penye dirisha la gari na kumwambia, "Basi wewe nakupa neno langu. Mambo yangu yote, utakavyoona wewe." Ilarie akasema, "Mungu apokee, Mama," akanywa maji, akaenda zake.

"Nilidhani ni maneno ya kuagana tu," akasema Bibi Chiva. "Nikasahau kwamba mshumaa bado ulikuwa unawaka mkononi."

"Na miaka yote hii hukugundua?"

"Ningegunduaje, mwanangu? Hakuna aliyeniuliza."

Otilia alimpa kalamu. Kalamu iliandika vyema neno *plamu* na neno *Ilarie*, lakini ilipofika penye jibu lenyewe wino ulikataa. Akamwambia aitikie kwa kichwa. Kichwa hakikuinama wala hakikugeuka. Wakati huo jirani, mzee aitwaye Nicanor, aliyekuwa ameegemea ua tangu mwanzo pasipo kujificha, hakuvumilia tena.

"Hebu niulize na mimi, binti!"

"Babu Nicanor, unataka kwenda mjini au kubaki?"

Nicanor alifungua kinywa chake chenye meno machache. Hapakutoka kitu. Akajipiga paja kwa furaha, kama mtu aliyegundua kuwa naye ana ugonjwa wa matajiri.

"Umeona? Hata mimi! Mimi langu nilimpa Safta, siku alipokwenda Hispania. Nilimwambia, 'Binti yangu, amua wewe, mimi nimezeeka.' Na mshumaa ulikuwepo, tulikuwa tunamwombea marehemu mke wangu."

"Ndiyo maana umekuwa mpole siku hizi," akasema Bibi Chiva. "Nami nikadhani umeokoka."

Hadi adhuhuri Otilia alikuwa amepita nyumba zote za juu ya kilima. Kila mzee alizungumza naye sawasawa juu ya kuku, miguu, hali ya hewa na bei ya kuni, na kila mmoja alinyamaza kimya kabisa alipoulizwa anataka nini. Mzee mmoja tu alijibu, tena kwa makelele hata mbwa wakabweka. Naye alikuwa mtu ambaye maishani mwake hajapata kumpa mtu yeyote chochote.

Siku iliyofuata Otilia alimweleza katibu. Bwana Pantelimon alimsikiliza huku akimega mkate.

"Kwa hiyo hawatajibu," akasema.

"Hawawezi kujibu. Neno lao liko nje ya nchi."

"Mama mkwe wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Tulikaa naye kwa amani sana." Akapangusa vidole. "Dada Otilia, mimi sioni tatizo. Asiyejibu amekubali."

"Sheria haisemi hivyo."

"Sheria inasema waulizwe. Tutawauliza. Na huyo Ilarie nimekwisha kuongea naye kwa simu. Kasema tufanye tunavyoona inafaa."

"Hapo Ilarie alisema lake mwenyewe, Bwana Katibu. La mama yake hukulisikia."

"Nitalisikia siku ya kamati, likiwepo," akasema katibu, akamega tena mkate.

Jioni ile Otilia alimpigia simu Ilarie. Alimkuta amekaa kitandani katika chumba anachoishi pamoja na waashi wenzake, akila. Otilia alipomweleza habari, Ilarie hakushangaa. Alishusha pumzi, kama mtu aliyeambiwa hatimaye jina la ugonjwa wake.

"Kumbe ndiyo hiyo. Dada, mimi nimehangaika. Niko juu ya jukwaa la ujenzi, nimeshika mwiko wa saruji, mara kinywa changu kinasema, 'Supu hii haina chumvi.' Kwa sauti ya mama. Mara kinasema, 'Kitanda hiki nataka kisogezwe dirishani.' Wenzangu wamezoea. Jana Jumanne asubuhi nilipiga kelele mara mbili mbele ya watu wote: 'Nabaki hapa! Nyumba ni yangu!' Msimamizi akadhani nagoma kushuka. Akaita zimamoto."

"Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni kuwaza nyumbani. Huku kila mtu ana namna yake."

"Basi jibu lake unalijua."

"Ninalijua, lakini silikubali." Akaacha kutafuna. "Dada, mimi si mtoto mbaya. Baridi iliyopita aliteleza pale kisimani, akalala juu ya theluji mpaka mzee Nicanor alipomwona. Mara nyingine Nicanor asipotazama? Mjini kuna joto. Kuna watu. Nitalala usingizi."

"Utalala wewe. Yeye je?"

Kijiko cha Ilarie kikagonga sahani.

"Neno si lako," akasema Otilia. "Umelitunza, ahsante. Sasa njoo ulirudishe kabla ya kamati. Mshumaa hauwashwi kwa simu."

"Nisipokuja?"

"Utakuwa unalisema wewe huko juu ya jukwaa, mpaka mmoja wenu afe."

Kisha katika sikio la Otilia ikaingia sauti ya Bibi Chiva, safi, yenye mkwaruzo wake wote: "Ilarie, nataka uje." Baada ya hapo Ilarie alikohoa, akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba ataona kama atapata ruhusa, na wote wawili wakaagana kwa adabu.

Alifika siku moja kabla ya Mtakatifu Dumitru, kwa basi dogo linalowaleta watu kutoka ughaibuni, akiwa na sanduku moja na mikono iliyopasuka kwa saruji. Bibi Chiva alimchinjia kuku na kumpikia ugali wa mahindi, akaukata kwa uzi kama inavyostahili. Otilia alialikwa kwa sababu jambo hilo huhitaji shahidi. Nicanor hakualikwa, lakini alikuwepo.

Walipokwisha kula nusu, Ilarie aliweka kijiko chini.

"Mama, tuongee kama watu wazima. Ukianguka nani atakuokota?"

Bibi Chiva alichezesha midomo. Jibu likatoka katika kinywa cha Ilarie, kwa sauti ya mama yake:

"Nikianguka, nitakuwa nimeanguka kwangu. Huko nitaangukia mlangoni kwa nani?"

Ilarie alijifunika mdomo kwa mkono. Akauondoa.

"Huko kuna wauguzi, Mama. Kuna televisheni."

Midomo ya Bibi Chiva ikacheza.

"Televisheni ninayo, naifunika kwa kitambaa," kikasema kinywa cha Ilarie. "Na muuguzi hajui kuku wangu yupi anataga wapi."

"Mjibu, mjibu!" akasema Nicanor, akijimiminia pombe ya plamu. "Kijana anabishana na tumbo lililomzaa, tena tumbo limehamia kwake."

"Babu, nyamaza," akasema Ilarie. "Mama, mimi sipo! Hulioni hilo? Jambo likitokea, mimi sitakuwepo!"

"Hukuwepo tangu zamani," akajijibu Ilarie kwa sauti ya mama yake, "na mimi nimeishi."

Maneno yalikuwa yametoka katika kinywa chake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Alikaa akitazama sahani, kisha akainuka, akaleta mshumaa na kikombe cha maji.

"Haya. Nakurudishia neno lako. Chukua," akasema, kwa namna ya mtu anayelipa faini.

Aliwasha mshumaa. Hapakuwa na upepo, mlango ulikuwa umefungwa, na mshumaa ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika tena.

"Hujatoa hapo," akasema Bibi Chiva. "Umekopesha."

Ilarie alibaki ameshika kiberiti. Pua yake ikawa nyekundu. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaa wima kama amekaa kanisani, mtandio mweusi umefungwa chini ya kidevu, akingoja bila kumsaidia.

"Naogopa, Mama," akasema.

Lilikuwa jambo la kwanza alilolisema siku ile ambalo lilikuwa lake peke yake.

"Najua," akasema Bibi Chiva.

"Naogopa nitapigiwa simu nikiwa juu ya jukwaa, nikose hata pa kukaa. Naogopa, lakini chukua. Ni lako."

Aliwasha mshumaa kwa mara ya tatu, na moto ukashika vizuri, mrefu na mnyofu. Bibi Chiva akasema, "Mungu apokee," akanywa maji yote, hata tone la mwisho. Otilia alimpa muda wa kupangusa mdomo, kisha akamuuliza kama sheria inavyotaka.

"Bibi, unataka nini?"

"Chumvi," akasema Bibi Chiva.

Walimletea. Akaitia katika mchuzi, akaonja, akaongeza. Baadaye alisema mengine, mchana kutwa, bila kupumzika. Alitaka kitanda kisogezwe dirishani. Hakutaka blanketi la kijani, linamwasha. Alitaka picha ya marehemu mumewe iondolewe juu ya jiko, kwa sababu mumewe hakupenda joto. Alitaka Nicanor agonge ua kila asubuhi akiwa na akili timamu na asigonge akiwa amelewa. Na alitaka nguzo mbili imara penye kisima, zenye mti wa kushikia uliolazwa katikati, maana hapo huteleza kila baridi.

Ilarie aliacha kusogeza kitanda.

"Nguzo tu? Mama, mimi ni mwashi! Ningekuja wiki moja nikakujengea. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," akajibu Bibi Chiva. "Hukujisikia?"

Ilarie alifikiri, akakumbuka kwamba baridi yote iliyopita alikuwa akiwaambia waashi wenzake wamtengenezee mahali pa kushika, na wao walikuwa wamemfungia kamba jukwaani. Akatoka nje kutafuta mbao.

Kesho yake kamati iliketi katika ukumbi wa kijiji. Alikuwepo Bwana Pantelimon, alikuwepo daktari wa supu, na alikuwepo mama mmoja kutoka mkoani ambaye kila mara alitazama dirishani kuona kama mvua imekaribia. Wazee waliteremka kilima wakiwa wamevaa nguo za kanisani.

"Paraschiva Buica," akasema katibu, "unakubali kuhamishiwa makao ya wazee mjini?"

"Sikubali."

Katibu aliinua macho. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa kuita jina lingine.

"Umefikiri vizuri, Bibi?"

"Tangu mwaka juzi, Bwana Katibu. Kimya kimya."

"Sababu?"

"Sheria imesema niulizwe kama nakubali. Kama sababu nayo imo, nisomee."

Mama wa mkoani alisema sababu haimo. Katibu alisema limesikika, akamwita Nicanor. Nicanor alisimama, akakaza mkanda, akafungua kinywa, akachezesha midomo mpaka machozi yakamtoka.

"Hajajibu," akasema katibu. "Amekubali. Anayefuata."

"Hajakubali," akasema Otilia, akasimama. "Raia asiyeweza kusikika husaidiwa asikike kwanza, ndipo huhukumiwa kuwa amesema. Ndivyo ilivyoandikwa. Neno la huyu liko Hispania, kwa binti yake. La yule liko Ujerumani. Watoto wao hurudi Krismasi. Naomba swali liahirishwe."

"Dada Otilia, tukianza kungoja maneno ya watu yapande mabasi—"

"Mwulizeni basi kama ana haraka," akasema Bibi Chiva kutoka kitini pake. Nicanor, kwa kuwa hilo nalo lilihusu matakwa yake, hakuweza kujibu, lakini aliketi chini kwa nguvu, akashikilia kiti kwa mikono yote miwili, na ikaeleweka kwamba kuinuliwa kwake kungechukua muda. Mama wa mkoani alitazama dirishani. Tone la kwanza lilikuwa limepiga kioo, na njia yake ilikuwa ndefu. Akasema iahirishwe mpaka baada ya sikukuu ya Epifania, mwezi wa Januari.

"Na barabara yetu je?" akauliza Bibi Chiva.

"Barabara haimo katika ajenda," akasema katibu.

Theluji ilianguka mapema mwaka ule, na barabara ya juu haikusafishwa. Gari la halmashauri liliendelea kukomea kanisani. Otilia alipanda kwa miguu, akifuata nyayo za mbweha pale alipopita, na penye kisima cha Bibi Chiva alikuta nguzo mbili zilizosimikwa kwa saruji ya kutosha kubeba daraja. Ilarie alikuwa amerudi Italia. Alipopiga simu alisema kwamba sasa juu ya jukwaa ni kimya, na kwamba kimya hicho kinamsumbua kidogo.

Krismasi ilipokaribia, mabasi madogo yalianza kuwashusha watoto wa watu mbele ya kanisa. Walipanda kilima wakiburuta masanduku katika theluji, wakiwa wamekwisha kuarifiwa kwa simu. Baadhi yao walirudisha neno siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuvua makoti. Wengine mshumaa uliwazimikia mara nyingi, na mmoja aliondoka pasipo kurudisha, akidai kwamba amelizoea. Mama yake bado ananyamaza anapoulizwa, na Otilia bado anampigia simu mwanawe kila Jumatatu. Safta alimrudishia Nicanor lake akiwa amesimama mlangoni. Alisema tangu aende Hispania alikuwa akiomba tumbaku dukani, ilhali yeye havuti.

"Ilikuwa nzuri?" akauliza Nicanor.

"Baba, mimi nilikuwa naitupa!"

"Neno langu nimelisamehe. Tumbaku siisamehe."

Baada ya Epifania kamati iliketi tena, ikawauliza wazee, na wazee wakajibu, isipokuwa yule ambaye mwanawe hakurudisha, naye akaahirishiwa tena. Wawili walisema watakwenda mjini kwa sababu wanapenda watu na joto, wakaenda, na watu wakawasindikiza hadi kanisani wakiwabebea mito. Waliosalia walisema hawaendi, na hawakuenda. Bwana Pantelimon aliyapokea yote kwa uso ule ule. Hakuna aliyemwadhibu kwa lolote, wala yeye hakuona kwamba pana la kuadhibiwa. Alichojifunza ni kwamba kilima kimeanza kuwa na kelele.

Mwezi wa Februari halmashauri iliamua kuifunga zahanati ya kijiji. Wazee hawakuulizwa. Mkutano wa kutangaza uamuzi huo uliwekwa siku ya kazi, asubuhi, katika baridi, na tangazo lake lilibandikwa ndani ya ofisi, mahali ambapo hulisoma yule tu aliyelibandika. Otilia, ambaye ofisi hiyo ni yake pia, alilisoma.

Katibu aliingia ukumbini, akakaa, akaanza kusoma uamuzi kwa sauti ya kawaida, kama alivyozoea kuvisomea viti. Alipofika katikati alihisi harufu ya sufu iliyoloa na ya pombe ya plamu, akainua macho. Viti vyote vilikuwa na watu. Wengine walikuwa wamesimama ukutani, theluji ikiyeyuka kwenye buti zao, na Bibi Chiva alikuwa mstari wa mbele, fimbo ikiwa magotini. Bwana Pantelimon alisoma mpaka mwisho, kwa sababu uamuzi ulikuwa umekwisha kupitishwa, na kwa kujaa kwa ukumbi haukubadilika hata nukta moja. Kisha akauliza, kama taratibu zinavyomtaka aulize katika kila mkutano, "Kuna mwenye neno?" na wakati huo huo akasimama na kuanza kukusanya karatasi zake, kama alivyofanya katika kila mkutano.

"Ninalo," akasema Bibi Chiva.

"Na mimi," akasema Nicanor.

"Na mimi," akasema mwanamke mmoja nyuma yake, na mwingine, na mwingine ukutani.

Katibu alitazama saa, akazitazama karatasi, akavuta kiti, akakaa.